Wastani mzuri, pakiti zinapotea: jibu kwa fundi wa Rungwe

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa mitambo katika ushirika wa wakulima wa chai hapa Rungwe. Tumeweka vituo vidogo mashambani vya kupima mvua na unyevu wa udongo. Kila robo saa kituo kinatuma pakiti moja ya biti kama 200, kwa redio ya megahezi 433, hadi ofisini Tukuyu. Redio inatumia modulesheni ya fezi mbili, yaani 0 na 1 hutofautishwa kwa kuligeuza au kutoligeuza wimbi juu-chini, na karatasi yake ya vipimo inasema uwiano wa ishara na kelele ukifika desibeli 10, makosa hayafiki biti moja kati ya laki moja. Kompyuta ya ofisini inaonyesha wastani wa desibeli 20. Lakini kituo cha ng'ambo ya bonde, kilicho nyuma ya miti ya milingoti, hupoteza pakiti hovyo, na kuna usiku kinanyamaza mpaka asubuhi, kisha kinarudi chenyewe. Wakati wa mvua ndiyo zaidi. Muuzaji anatushauri tununue amplifaya, kifaa cha kuongeza nguvu ya ishara. Chuoni nilisoma kanuni ya makosa, na namba zake haziendani na ninayoyaona. Kanuni ni mbovu, redio ni mbovu, au kuna jambo sijalielewa?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kanuni ni nzima, na redio yako, kwa dalili ulizozitaja, ni nzima pia. Kinachokuponza ni ule wastani wa desibeli 20. Katika mabonde kama yenu makosa hayatokei ishara ikiwa kwenye wastani wake. Yanatokea katika vipindi vichache ambavyo ishara imezama chini kabisa, na kwa vipindi hivyo amplifaya ni dawa ya bei kubwa na nguvu ndogo. Usiinunue bado. Nitakupitisha kwenye hesabu yenyewe, maana ukiishaishika utaweza kumjibu muuzaji yeyote bila kunitegemea mimi.

Tuanze na karatasi ya vipimo. Redio inapopimwa kiwandani, upande wa kurusha huunganishwa na upande wa kupokea kwa waya, na katikati huwekwa kifaa cha kupunguza ishara. Ishara inayofika haitikisiki hata kidogo. Kinachobadilika ni kelele tu, ile inayozaliwa na mchezo wa elektroni zilizo na joto ndani ya kipokezi. Kwa modulesheni ya fezi mbili, uwezekano wa kukosea biti katika hali hiyo ni Q(√(2γ)). Hapo γ ni uwiano wa nishati ya biti moja kwa kelele, ukiandikwa kwa namba ya kawaida: desibeli 10 ni 10, desibeli 20 ni 100. Q ni eneo la mkia wa grafu ya Gauss, ile yenye umbo la kengele, na mkia huo hukatika upesi mno. Kwa desibeli 6.8 unakosea biti moja kati ya 1,000. Kwa 8.4 ni moja kati ya 10,000, kwa 9.6 ni moja kati ya 100,000, na kwa 10.5 ni moja kati ya milioni. Kule mwisho, desibeli moja tu inapunguza makosa mara kumi. Aliyesoma grafu hii lazima aone desibeli 20 ni utajiri, nawe hukukosea kuona hivyo.

Sasa ondoa ule waya, weka bonde la Rungwe. Urefu wa wimbi la megahezi 433 ni sentimita 69. Mawimbi kutoka kituo chako hayana njia moja ya kufika Tukuyu. Mengine hupenya kati ya vigogo vya milingoti, mengine hugonga mteremko wa upande wa pili na kurudi, mengine hudunda kwenye mabati ya nyumba au kwenye ardhi yenyewe. Kila moja hufika likiwa limetembea umbali wake. Mawili yakitofautiana kwa nusu ya urefu wa wimbi, yaani sentimita 35 hivi, moja linapanda pale ambapo jingine linashuka, na yanafutana. Ishara ya kila njia inaweza kuwa nzuri, lakini jumla yake pale kwenye antena ikawa karibu na sifuri.

Hesabu ya jumla ya namna hii ni ya zamani kuliko redio. Lord Rayleigh, mwanafizikia wa Uingereza, aliifanya mwaka 1880 akishughulika na mitetemo mingi yenye fezi zisizo na mpangilio. Ndiyo maana ishara isiyo na njia ya moja kwa moja, yenye vipande vingi vinavyolingana, tunasema inafifia kwa namna ya Rayleigh. Matokeo yake ni mepesi kuyakumbuka. Ukiuita wastani wa uwiano Γ, basi sehemu ya muda ambayo uwiano uko chini ya kiwango fulani γ ni 1 − e^(−γ/Γ). Kwa hiyo ishara iko desibeli 10 au zaidi chini ya wastani wake kwa asilimia 9.5 ya muda, desibeli 20 au zaidi chini kwa asilimia 1, na desibeli 30 au zaidi chini kwa moja ya elfu ya muda.

Rudi sasa kwenye kituo chako chenye Γ ya 100. Kwa asilimia 1 ya muda, uwiano wake halisi uko chini ya desibeli 0, ishara imezidiwa na kelele. Wakati huo kipokezi kinakosea kuanzia biti 8 kati ya 100 hadi nusu ya biti zote. Asilimia 99 iliyobaki ikiwa safi kabisa, ile asilimia moja peke yake inatosha kuharibu wastani wa makosa.

Ningependa uipate namba kamili, na njia ya kuipata ni fupi. Pale chini, karibu na sifuri, mgawanyo wa Rayleigh ni bapa: kila kiasi cha γ kina uzito uleule wa 1/Γ. Kwa hiyo wastani wa makosa ni karibu sawa na eneo lote lililo chini ya grafu ya Q(√(2γ)), kugawanya kwa Γ. Eneo hilo ni robo kamili. Basi kosa la wastani ni 1/(4Γ). Kanuni isiyo na makadirio ni ½(1 − √(Γ/(1+Γ))), na ukiweka 100 unapata 0.00248, karibu biti moja kati ya 400. Karatasi yako kwa desibeli 10 tu iliahidi chini ya moja kati ya laki moja. Katika ile robo, sehemu iliyo kati ya γ ya 0 na ya 1 ni 0.186. Maana yake, karibu robo tatu ya makosa yote ya kituo chako yanatoka kwenye ile asilimia 1 ya muda. Namba hiyo naomba uishike kuliko nyingine zote nitakazokupa.

Tazama tena 1/(4Γ). Hakuna mkia unaokatika humo. Ukiongeza nguvu mara kumi, makosa yanapungua mara kumi, basi. Ukitaka kosa moja kati ya laki moja kwa njia ya nguvu peke yake, Γ lazima iwe 25,000, yaani desibeli 44. Wewe una 20. Zinahitajika 24 zaidi, ambazo ni nguvu mara 250. Redio ya miliwati 100 itabidi irushe wati 25 kutoka shambani, kwa betri na paneli ndogo ya sola, na nguvu ya namna hiyo huruhusiwi kuirusha bila kibali cha TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini.

Kuna watakaokuambia ubadilishe modulesheni. Hapo sitakaa sana. FSK, inayotofautisha 0 na 1 kwa masafa mawili, ikipokelewa kwa kufuata fezi hukosea 1/(2Γ), DPSK, inayolinganisha fezi ya kila biti na ya iliyotangulia, hivyohivyo, na FSK isiyofuata fezi hukosea 1/Γ. Kwenye karatasi ya grafu mistari yote hii ina mteremko mmoja. Imesogezwa tu pembeni kwa desibeli 3 au 6. Fezi nne hazina tofauti na fezi mbili kwa kila biti, na modulesheni nzito zaidi zinataka ishara kubwa zaidi. Unaweza kuchagua modulesheni kwa sababu ya bei, au kwa sababu kipokezi chako kinashindwa kufuata fezi inayokimbia, lakini kufifia hakuondoki kwa mlango huo.

Sasa usiku wa kimya. Hapa ndipo vitabu vingi vinapita haraka, na ndipo penye shida yako. Abiria wa basi linalokatiza kutoka Igawa kwenda Makambako kwa kilomita 80 kwa saa, akiwa na simu ya megahezi 1,800, anapita nusu ya urefu wa wimbi, sentimita 8 hivi, zaidi ya mara 260 kwa sekunde. Ishara yake inaweza kuzama na kuibuka mara nyingi ndani ya sekunde moja. Simu imetengenezwa kwa kulijua hilo. Biti huchanganywa mpangilio kabla ya kurushwa, zikakaa mbalimbali, na usimbaji wa kurekebisha makosa, yaani biti za ziada za kusahihishia, huziba mapengo madogo yaliyotawanyika. Kituo chako hakiendi popote. Kinachobadilisha njia za mawimbi ni majani yakitikiswa na upepo, unyevu, na gari likipita mara mojamoja. Usiku upepo ukitulia bondeni, kila kitu kinasimama. Kama kimesimama wakati mawimbi yanafutana, kituo kimezama na kitaendelea kuzama mpaka upepo wa asubuhi uamke. Usimbaji haukusaidii hapo, kwa sababu pakiti nzima imezama, hakuna biti nzima za kuziokoa zile mbovu. Kurudia kutuma baada ya sekunde mbili pia hakusaidii, maana bonde ni lilelile.

Kwa sababu hiyo, kosa la wastani la moja kati ya 400 ni namba ambayo kituo kilichotulia hakiioni hata siku moja. Kina saa zake za usafi kamili na saa zake za giza. Linganisha hali mbili zenye wastani huohuo wa makosa. Kama biti zingekosewa mojamoja bila kuhusiana, pakiti yako ya biti 200 ingesalimika kwa 0.9975 kwa kipeo cha 200, yaani pakiti 39 kati ya 100 zingepotea. Ishara ikitulia ndani ya pakiti, hasara inategemea tu kama uwiano wa wakati huo umevuka kizingiti, kiwango ambacho chini yake pakiti haisomeki, au la. Kwa biti 200 kizingiti kinaangukia karibu na γ ya 3.9, na 1 − e^(−0.039) inakupa karibu pakiti 4 kati ya 100. Hizo ni chache zaidi, ila zinapotea kwa mfululizo. Kwa mtambo kama wenu, namba ya kupanga kazi nayo ni hii ya pili: sehemu ya muda ambayo ishara iko chini ya kizingiti. Kosa la wastani la biti liachie vitabu na simu zinazotembea.

Kabla ya dawa, pima upya. Wastani unaoonyeshwa na kompyuta umehesabiwa kwa pakiti zilizofika. Zilizopotea hazikuacha namba yoyote, na ule usiku wa kimya haumo kabisa ndani ya desibeli 20 zako. Kwa Rayleigh jambo hili lina kanuni nzuri: wastani wa zilizofika ni wastani halisi ukijumlisha na kizingiti, kwa namba za kawaida. Kituo chenye wastani halisi wa 2, yaani desibeli 3, kitapoteza karibu pakiti 85 kati ya 100, na bado kompyuta itaonyesha 5.9, ambayo ni desibeli 7.7. Aliyetazama skrini tu atasema kituo kinaelekea kuwa sawa. Kwa hiyo weka namba ya mfululizo ndani ya kila pakiti, ili zilizokosekana zijulikane kwa pengo lake. Andika kiwango cha ishara cha kila iliyofika, zipange kutoka ndogo hadi kubwa, na zile zilizopotea zihesabu kuwa ziko chini kabisa ya orodha.

Kisha soma umbo la orodha hiyo. Kwa Rayleigh, kipimo cha katikati kiko desibeli 1.6 chini ya wastani, kile ambacho kimoja tu kati ya kumi kiko chini yake kiko karibu desibeli 10 chini ya wastani, na cha moja kati ya mia kiko desibeli 20 chini. Ukiona kutoka katikati hadi moja kati ya mia ni desibeli 18 hivi, mbele yako ni Rayleigh. Ukiona ni desibeli 5 au 6 tu, kuna njia ya moja kwa moja yenye nguvu na unapaswa kutafuta kosa kwingine, labda kwenye betri.

Kipimo kingine hakihitaji kompyuta. Nenda kituoni ishara ikiwa mbaya, sogeza antena sentimita 35 upande mmoja, kisha nyingine 35. Ishara ikiruka juu kwa desibeli kumi au zaidi, ni mawimbi yanafutana. Ikibaki chini hata ukitembea mita kadhaa, hicho ni kivuli: mlima au miti imekata ishara nzima, na hapo, hapo tu, nguvu zaidi au antena yenye mwelekeo ndiyo hoja ya kwanza. Kituo chako naona kina vyote viwili, ndiyo maana nataka uvipime kila kimoja peke yake.

Dawa ya kwanza haina gharama. Mvua ya saa nane usiku ina thamani ileile ikifika saa mbili asubuhi, kwani hakuna anayeisubiri kwa sekunde. Basi kila pakiti ibebe vipimo vya nyuma, si kimoja. Usiku wa saa kumi ni vipimo 40. Pakiti ikirefuka mara nne, kutoka biti 200 hadi 800, kizingiti kinapanda kidogo na hasara inatoka karibu 4 hadi karibu 5 kati ya 100, lakini pakiti moja tu itakayopenya asubuhi inaleta usiku wote. Hii ni kutumia muda kama njia ya pili. Ningekuwa mahali pako ningeibadilisha programu ya kituo wiki hiihii, hata kabla ya kununua chochote.

Dawa ya pili ni antena ya pili, na hapa ndipo hesabu inapofurahisha. Antena mbili zilizotenganishwa vya kutosha zinafifia kila moja kivyake. Kama moja iko chini ya desibeli 0 kwa asilimia 1 ya muda, zote mbili kuwa huko kwa pamoja ni moja kati ya 10,000. Ukijumlisha ishara za antena mbili kwa kuipa kila moja uzito wa nguvu yake, kosa la fezi mbili linakuwa 3/(16Γ²). Angalia: Γ sasa iko kwenye kipeo cha pili. Mteremko wenyewe umebadilika, jambo ambalo amplifaya haiwezi kulifanya hata iwe kubwa namna gani. Kwa desibeli zako 20 kosa linashuka kutoka moja kati ya 400 hadi karibu biti 2 kati ya laki moja. Lile lengo la moja kati ya laki moja, lililodai desibeli 44, sasa linadai 21.4 kwa kila antena.

Mtambo wa kujumlisha ni ghali, lakini huuhitaji. Kuchagua tu ile antena yenye ishara kubwa kunatoa 3/(8Γ²), makosa maradufu, ambayo ni sawa na kupoteza desibeli 1.5. Kwa vile kituo chako ndicho kinachorusha, fanya hivi: swichi ndogo ya redio na antena mbili kituoni. Kituo kirushe kwa ya kwanza, kisipopata jibu kutoka ofisini kirushe kwa ya pili. Njia ya mawimbi kwenda ni ileile ya kurudi, hivyo haijalishi antena mbili ziko upande wa kurusha au wa kupokea, mradi unaweza kuchagua. Mwaka 1998 mhandisi Siavash Alamouti alionyesha namna ya kurusha kwa antena mbili kwa pamoja, biti zikipishana kwa mpangilio maalumu, bila kituo kuijua hali ya njia. Ni kazi nzuri sana, ila kwa kipimamvua swichi inatosha.

Sasa ulinganisho wa haki na amplifaya, maana muuzaji naye si mwongo. Amplifaya ya desibeli 10 itapunguza hasara yako kutoka karibu pakiti 4 kati ya 100 hadi karibu 4 kati ya 1,000. Antena ya pili na swichi, kwa nguvu ileile ya zamani, itakupeleka karibu 2 kati ya 1,000. Antena haili betri. Na ukitaka kushuka mara kumi zaidi, amplifaya itadai desibeli 10 nyingine, wakati mfumo wa antena mbili utadai 5.

Umbali kati ya antena unategemea zimewekwa wapi. Kituoni, ambako miti imekizunguka na mawimbi yanatawanyika pande zote, nusu ya urefu wa wimbi inatosha, sentimita 35, nami ningeweka 50 kwa usalama. Juu ya kilima au kwenye mnara mambo hubadilika. Huko mawimbi yote ya kituo kile hutoka upande mmoja mwembamba, na antena zikikaribiana zitazama pamoja. Mita kadhaa zinahitajika. Ndiyo sababu nakushauri uweke mbili kule chini na si ofisini. Kama nguzo ni nyembamba, ya pili ilaze mlalo wakati ya kwanza imesimama. Milingoti na majani huvuruga mwelekeo wa wimbi kiasi kwamba mlalo nao utapata fungu lake, hata kama dogo kidogo.

Kubadili masafa ni njia ya pili pia, lakini si kila mahali. Tofauti ya umbali kati ya njia mbili ikiwa mita 300, kusogea kilohezi 500 kunakutoa kwenye mfutano hadi kwenye mjumuisho. Hivyo pakiti ikirudi kutoka mteremko wa mbali ng'ambo ya bonde, kurudia kwenye chaneli nyingine kunasaidia kweli. Vizuizi vikiwa karibu, kama wenzetu wa Mafinga walio katikati ya mipaina ya Sao Hill, tofauti inaweza kuwa mita 15, na hapo utahitaji kusogea megahezi 10. Bendi yetu ya 433 ina upana usiofika megahezi 2, kwa hiyo utarudia kwenye shimo lilelile.

Dawa ya tatu ni nguzo ndefu, na pale inapowezekana naipenda kuliko zote. Antena ikipanda juu ya milingoti hadi ikaona Tukuyu, kunakuwa na wimbi moja la moja kwa moja linalotawala mengine. Mgawanyo wa hali hiyo unaitwa kwa jina la Stephen Rice, Mmarekani, na kipimo chake K ni nguvu ya wimbi la moja kwa moja ukilinganisha na yote yaliyodunda. K ikiwa 10, kwa wastani uleule wa desibeli 20, kosa la fezi mbili ni kama biti 2.5 kati ya milioni. Ni karibu mara elfu moja bora kuliko Rayleigh, na nguvu ya ishara haijaongezeka hata chembe. Tena nguzo hiyohiyo inaondoa kivuli, kwa hiyo hata wastani wenyewe utapanda. Ukikuta mita 4 au 5 za bomba zinakutoa juu ya majani, fanya hivyo kwanza kabla ya swichi. Kama milingoti ni ya mita 20, usihangaike nayo. Tafuta kituo kingine chenye mwinuko kiwe cha kupokezana, ili pakiti iwe na mabonde mawili ya kupitia.

Kuhusu mvua, usiogope matone yenyewe. Kwa megahezi 433 mvua hainyonyi ishara kwa kiasi cha kuhesabika. Hiyo ni shida ya masafa ya gigahezi 10 na kuendelea, kama dishi za setilaiti. Kinachokusumbua ni majani yaliyolowa. Maji juu ya majani hunyonya na kutawanya mawimbi zaidi ya majani makavu, kile kipande cha ishara kilichokuwa kikipenya moja kwa moja kinadhoofika, na kituo kilichokuwa na K ndogo ya kukiokoa kinaangukia kwenye Rayleigh tupu na wastani uliopungua. Tukuyu ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini, hivyo vipimo vyako vya kupangia kazi vichukue wakati wa mvua. Orodha ya Septemba itakupa matumaini ambayo Machi haitayatimiza.

Basi anza na programu ya kubeba vipimo vya nyuma pamoja na namba za mfululizo, iache ifanye kazi wiki mbili za mvua, upange orodha yako. Ikiwa kutoka katikati hadi moja kati ya mia ni desibeli 18 hivi, nunua swichi na antena ya pili. Ikiwa orodha nzima imeshuka kwa pamoja, hicho ni kivuli: nguzo ndefu au kituo cha kupokezana. Amplifaya itabaki ya mwisho, kwa kituo ambacho nguzo haikifikii na kilima cha kupokezana hakipo.